Daftari Lisilo na Doa

Kila alfajiri, mwadhini alipokwisha kuwaita waumini kwenye sala, Limi alisikia sauti tatu ambazo mpangilio wake haukubadilika. Kwanza kikohozi cha baba yake. Kisha mlango wa bati ukikwaruza kizingiti. Kisha nyayo za viatu vya mpira zikififia kuelekea kwenye makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Baada ya hapo chumba kilikuwa chake peke yake mpaka jua lizame.

Aliamka, akakunja mkeka, akafagia, akawasha jiko la mkaa na kukoroga uji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Miezi mitatu nyuma alikuwa bado Kishapu, katika mji wenye bibi, mama, wadogo zake wawili na ng'ombe kumi na mmoja, mahali ambapo mtu hakupata pembe ya kukaa peke yake hata kama aliitamani. Bibi alipopooza upande mmoja, mama alilazimika kubaki kumuuguza. Baba yake, Mzee Maduhu, akaja na Limi huku Kharumwa kwenye machimbo madogo, ili mmoja atafute riziki na mwingine aendelee na masomo.

Katika chumba hicho alikuwamo mkazi wa tatu. Chini ya mtungi wa maji, palipokuwa na unyevu daima, aliishi chura mmoja mnene wa rangi ya udongo. Kule Kishapu bibi hakuruhusu chura wa mtungini afukuzwe. Alisema kwamba anafanya kazi yake ya kula mende na mchwa, basi naye aachwe apumzike. Kwa hiyo Limi hakumfukuza huyu.

"Mwangaluka," alimwamkia kila asubuhi, kwa Kisukuma cha nyumbani.

Chura hakujibu, ila koo lake lilipanda na kushuka. Limi alihesabu kwamba hilo lilikuwa jibu. Mara nyingi ndilo lilikuwa jibu pekee alilopata mpaka jioni.

Siku za Jumapili baba yake alimpa simu, naye alipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, kwa sababu mtandao haukupatikana kwingine.

"Haya, mwanangu, umeshapata marafiki?" mama aliuliza kila mara.

"Ndiyo, mama. Wengi tu."

"Alaa! Nitajie basi."

"Ni wengi, mama. Salio litakwisha."

Mama alicheka, akaridhika. Limi alishuka kichuguu polepole. Hakuwa mtoto mwongo. Aliona tu kwamba mama alikuwa na mzigo wa kutosha, na kwamba neno moja jepesi halingemdhuru mtu.

Mvua za Januari zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne Mwalimu Donatus, aliyefundisha sayansi, aliingia darasani amebeba ndoo iliyofunikwa kanga. Alikuwa mwalimu mrefu, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kunyamaza kwanza hadi darasa linyamaze naye. Aliifunua ndoo, akaingiza mkono, akatoa chura.

Wasichana waliokaa mbele walirudi nyuma kwa kishindo.

"Mwalimu, atakukojolea!" alipaza sauti Masalu, kijana aliyependa kuchekesha wenzake. "Utaota chunjua mkono mzima!"

"Nimewashika tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, Masalu. Njoo uzihesabu chunjua zangu." Darasa likacheka. "Chunjua haziletwi na chura. Hata hivyo, anayemshika sharti anawe mikono, na nitawaambia sababu. Nani atanieleza tunamtambuaje huyu, tusimchanganye na yule chura wa majini anayeruka mtoni?"

 Mkono wa Limi ulinyanyuka kabla hajaufikiria.

"Ngozi yake ni kavu na ina vinundu, Mwalimu. Yule wa mtoni ana ngozi laini inayoteleza. Na huyu miguu yake ya nyuma ni mifupi. Haruki mbali, anadundadunda tu."

"Vema. Endelea."

"Kichwani, katikati ya mabaka meusi, ana alama nyeupe kama msalaba. Na ukimgeuza, nyuma ya mapaja ana wekundu."

Mwalimu Donatus alimgeuza chura taratibu. Wekundu ulikuwapo, kama kutu juu ya chuma.

"Umeyajuaje haya?"

"Mmoja anaishi kwetu, chini ya mtungi."

"Ohoo! Mama Chura!" Masalu alipiga meza. "Mtu wa Kishapu, huko kwenu mvua mliiona lini, hata mkafuga chura?"

Kicheko kilienea darasa zima. Limi aliinamisha kichwa. Mwalimu alingoja kicheko kiishe, kisha akaonyesha uvimbe mrefu uliokuwa nyuma ya kila jicho la chura. Alieleza kwamba humo mna utomvu mweupe wenye sumu, silaha ambayo Muumba amempa kiumbe asiye na meno wala kucha. Mbwa akimng'ata hutokwa na povu, na ndiyo sababu ya kunawa mikono. Kisha akatoa ndani ya ndoo kitu kingine: uzi mrefu wa ute, unaong'aa kama kioo, wenye nukta nyeusi zilizopangika kama shanga.

"Haya ni mayai yake. Chura wa mtoni hutaga mayai kwa bonge. Huyu hutaga kwa nyuzi, maelfu kwa mara moja, kwenye madimbwi ya mvua yasiyo na samaki. Yako mengi kwenye mtaro wa barabara. Kila wawili watachukua kipande kifupi cha uzi, watakilea nyumbani ndani ya beseni, na kila siku wataandika katika daftari walichokiona. Nimesema walichokiona. Ijumaa nitakagua."

Wanafunzi walikuwa arobaini na saba. Waligawana wawiliwawili kwa vishindo na kelele, na kelele zilipotulia alibaki mmoja.

"Mwalimu, mimi sina mwenzangu," alisema Limi.

"Utaweza peke yako?"

"Nitaweza."

Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na neno jingine la kusema.

Na kwa siku kumi na mbili aliweza vizuri kuliko wote. Alijaza beseni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa. Siku ya tatu nukta zilichomoza mikia. Siku ya tano viluwiluwi weusi, wadogo kuliko punje za mtama, walikuwa wakijigandisha ukutani mwa beseni na kupumua kwa matamvua, kama wapumuavyo samaki. Aliwapa ukoka uliochemshwa na kulainika, naye aliwaona wakiukwangua kwa vinywa vidogo. Alichora, akaandika, na maji yakadondokea daftari likafanya mawimbi na madoa. Jioni alimsimulia chura wa mtungini habari za wale watoto, ingawa hakujua kama walikuwa wake.

Alikuwapo msikilizaji mwingine. Katika chumba cha jirani aliishi Mama Mageni, mama lishe aliyepika wali na maharage kando ya barabara, na ambaye hata Mwalimu Donatus alikula kwake kila mchana. Mwanawe Mageni, mwenye umri wa miaka minne, alikuja kila siku kuchuchumaa mbele ya beseni.

"Dada Limi, wamelala?"

"Hawajalala. Wanakula."

"Mimi nitakula nao?"

"Wewe kula wali wa mama yako."

Kisha mvua zikakatika. Jua liliwaka kana kwamba halikuwahi kufunikwa na wingu. Maji ya beseni yalipungua yakawa mazito, na Limi aliona viluwiluwi wake wakipanda juu kutafuta hewa. Paa lilikuwa kavu. Kisima cha pampu kilikuwa mbali, na foleni ya ndoo ilianza kabla ya adhana.

Nyuma ya nyumba, mwendo wa dakika tano, palikuwa na mwalo wa zamani. Mwalo ni mahali ambapo wachimbaji huosha mchanga wa mawe yaliyosagwa ili kuipata dhahabu. Wenyewe walikuwa wamehama, wakaacha shimo lililojaa maji. Limi alisimama ukingoni mwake akatazama. Maji yalikuwa angavu mno. Aliona kokoto moja moja kule chini.

Mtu wa Kharumwa, mzawa wa machimbo, pengine angesita. Limi alikuwa mtoto wa Kishapu. Kule maji ya lambo huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe huyakanyaga, watu huyachota, na bibi huyaacha mtungini usiku na mchana mpaka matope yakae chini. Yakishatulia na kung'aa, ndipo husema, "Sasa ni maji." Limi alikuwa ameishi maisha yake yote akifundishwa kwamba maji yaliyotulia ndiyo masafi. Na haya yalikuwa yametulia kuliko yote aliyopata kuyaona. Hapakuwa hata na jani la ukoka, wala mdudu wa majini, wala chura. Jambo hilo aliliona, lakini halikumwambia kitu.

Alichota ndoo moja, akabadilisha maji ya beseni. Mama Mageni alimwona akirudi.

"Ya wapi hayo, Limi?"

"Ya shimo la mwalo, mama. Tazama yanavyong'aa."

Kesho yake asubuhi hakuna aliyepanda juu. Wote walikuwa wamelala chini ya beseni, matumbo juu, kama majani ya chai yaliyobaki kikombeni. Limi alitikisa beseni. Walitikisika pamoja na maji, wakatua tena.

Aliketi sakafuni kwa muda mrefu. Alifikiri kwamba pengine aliwapa chakula kingi, au kidogo, au kwamba jua liliwachoma. Alifikiri juu ya Ijumaa, na juu ya Masalu. Mwisho akachimba kishimo nyuma ya kichuguu, akawafukia, akafunika beseni kwa ungo.

"Wamelala?" aliuliza Mageni mchana.

"Wamelala," alijibu Limi. "Usiwafunue."

Usingizi wa siku hiyo haukuja upesi. Asubuhi yake alifungua kitabu cha sayansi, akatazama picha za mzunguko wa maisha ya chura, akaandika: *Siku ya kumi na nne. Wamenenepa. Mikia ni mirefu.*

Sentensi ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Kufikia juma la tatu kalamu ilikimbia yenyewe. Kitabu kilisema miguu ya nyuma hutangulia. Akaandika miguu ya nyuma, akamwongezea mmoja mguu uliochelewa, akabuni na mwingine aliyependa kukaa peke yake chini ya jani. Alichora kwa rula na penseli ya rangi. Ijumaa ile Mwalimu Donatus alikagua madaftari, akasimama mbele ya darasa akiwa ameshika moja.

"Sikilizeni." Akasoma habari za yule aliyekaa peke yake chini ya jani. Darasa lilisikiliza. Masalu mwenyewe alisikiliza, kidole mdomoni. "Huyu ana jicho la kuona. Igeni mfano wa Limi."

Wakati wa mapumziko Rebeka, msichana mwenye sauti kubwa aliyekaa naye dawati moja bila kumsemesha tangu Januari, alimsogezea nusu ya muhogo wake.

"Wa kwangu wamekufa sita," alisema. "Wako umewafanyaje? Nije kwenu nione?"

"Baba hapendi wageni," alisema Limi, akiupokea muhogo.

Walikula pamoja. Rebeka alimsimulia juu ya kaka yake anayekoroma, juu ya mbuzi wao aliyekula sare, juu ya mambo mengi ya kuchekesha, naye Limi alicheka, na katikati ya kicheko alijisikia yuko mbali, kana kwamba aliyekaa pale kwenye ukuta wa darasa alikuwa msichana mwingine, mwenye beseni lililojaa uhai, na yeye anawatazama kwa mbali hao marafiki wawili.

Jioni hiyo hiyo Mama Mageni alikuwa akihangaika na ndoo tupu.

"Pampu ya kisima imeharibika," alilalamika. "Nitapikia nini kesho? Eti Limi, yale maji ya mwalo uliyowawekea viluwiluwi wako, wanaendeleaje humo?"

Limi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Ndani, beseni lilikuwa kavu chini ya ungo. Alimkumbuka Mwalimu Donatus akila maharage kwenye benchi la mama huyu kila siku, akizungumza naye habari za wanafunzi. Neno lingesemwa hapa, Jumatatu lingefika darasani.

"Wazima, mama," alisema. "Wameota miguu."

"Basi ni maji mema. Kiumbe mdogo vile hawezi kuishi kwenye maji mabaya."

Limi aliingia ndani, akamkuta chura wa mtungini akitazama ukuta. Hakumsalimu.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Limi alikwenda sokoni kununua dagaa, na aliporudi alimwona Mama Mageni akiingia uani, ndoo kichwani, shingo imenyooka. Ndoo nyingine ilikuwa imekwisha kutuliwa kando ya meko. Sufuria kubwa la wali lilikuwa limeoshwa, likisubiri. Na kando ya ndoo alichuchumaa Mageni, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili. Ndani ya kikombe maji yaling'aa.

"Dada Limi," alisema mtoto kwa furaha, "maji ya chura!"

Akakiinua kikombe.

Baadaye Limi hakukumbuka jinsi alivyovuka uwanja. Dagaa zilitawanyika nyuma yake. Alikipiga kikombe kwa kiganja, kikaruka, kikagonga jiwe la meko na kubiringika. Mageni alipigwa na butwaa, kisha akaangua kilio.

"We mtoto!" Mama Mageni alitua ndoo kwa kishindo. "Una wazimu? Unampiga mwanangu?"

"Asiyanywe! Mama, asiyanywe! Amekunywa?"

"Hajanywa, ndiyo kwanza nimemwekea. Kuna nini?"

"Wamekufa."

"Nani amekufa?"

"Viluwiluwi wangu. Wote. Niliwawekea maji haya, na kulipokucha walikuwa wamekufa. Nilikudanganya, mama. Hawakuota miguu. Hakuna hata mmoja aliyeota mguu."

 Mama Mageni aliitazama ndoo, akalitazama sufuria, akamtazama mwanawe. 

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ndogo. "Alhamdulillahi, hajayanywa." Alimwinua mtoto akambana kifuani. Kisha akamgeukia Limi, na macho yake hayakuwa na huruma. "Jana nilikuuliza. Ulikuwa umesimama pale pale mlangoni, nikakuuliza."

Limi alikiokota kikombe.

"Nimewapikia watu asubuhi chai kwa maji haya. Wanne. Twende kwa mwalimu wako."

Mwalimu Donatus aliwapokea kwenye kibaraza cha nyumba yake. Limi alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasema yote tangu ndoo ya kwanza hadi kikombe.  Alipomaliza, mwalimu aliingia ndani akatoka na viatu vya safari.

"Lawama zitangoja," alisema. "Kwanza watu wanne wale, na mtoto."

Siku hiyo walizunguka mtaa mzima. Waliokunywa chai walipatikana mmoja mmoja, wakapelekwa zahanati pamoja na Mageni, wakapimwa, wakaambiwa warudi baada ya juma moja. Kwa rehema za Mola hapakuwa na aliyedhurika kwa kikombe kimoja kile. Bwana afya wa kata alikuja kwa pikipiki, akajaza chupa mbili za maji ya shimo ili yapelekwe kupimwa. Jioni wanaume wa mtaa, akiwamo Mzee Maduhu aliyetoka kazini na vumbi jeupe kwenye nyusi, walikata matawi ya miiba wakalizungushia shimo.

Baba yake hakumchapa. Alikula ugali wake, akanawa, akasema, "Sisi wenyewe ndio tunaoshika zebaki kwa mikono, tukikamatia dhahabu. Maji yake yalikwenda wapi, sikuwahi kukuambia. Nilikuleta mahali hapa, nikakuacha ujifunze peke yako." Kisha akaongeza, "Lakini kusema uongo sikukufundisha mimi, wala mama yako."

Maneno hayo yalimuuma Limi kuliko fimbo.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa, kwa hiari yake, akafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya kumi na tatu. Palikuwa patupu. Alichukua kalamu, akaandika huku wenzake wakitazama, kisha akasoma: "Siku ya kumi na tatu. Wamekufa wote. Maji yalitoka shimo la mwalo."

Masalu hakufanya mzaha. Rebeka aliangalia dirishani.

Mwalimu Donatus alilipokea daftari, akaliinua karibu na la Rebeka.

"Tazameni. Daftari la Rebeka lina madoa ya maji kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukurasa mmoja umeraruka. La Limi lina madoa hadi siku ya kumi na mbili. Kutoka hapo ni safi, halina hata tone. Nilipaswa kuliona hilo, nami sikuliona, kwa sababu maandishi mazuri yalinipendeza. Kwa hiyo kosa hili halikuwa la mtoto peke yake." Aliweka madaftari mezani. "Sasa nisikilizeni. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Mwenyezi Mungu amempa ngozi inayokunywa. Akiketi penye unyevu, maji huingia mwilini mwake kupitia ngozi, na kiluwiluwi huogelea ndani ya kinywaji chake usiku na mchana. Maji yakiwa mema, hustawi. Yakiwa mabaya, hana mlango wa kuufunga. Ndiyo maana penye sumu yeye hutangulia kufa, na kifo chake ni habari kwetu. Mnaelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na maji haya yangechemshwa?" aliuliza Eunice, mwenzake Rebeka.

"Moto huua vijidudu. Zebaki wanayotumia wachimbaji haiogopi moto wa jikoni. Wala macho hayaioni. Maji angavu si lazima yawe maji salama." Alimgeukia Limi, na sauti yake ikashuka. "Viluwiluwi wako walikuletea habari ambayo mtaa mzima uliihitaji. Wewe ukaifukia nyuma ya kichuguu, kwa kuwa uliona aibu. Katika sayansi hakuna aibu kuandika kwamba wamekufa. Aibu ni kuandika kwamba wanaishi. Na si katika sayansi tu, mwanangu. Mtu anayekuuliza jambo anakukabidhi usalama wake, hata kama yeye mwenyewe hajui."

Limi alirudi kwenye dawati. Rebeka alisogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

Nafasi hiyo ilidumu siku nne. Limi alikula mihogo yake peke yake, akarudi nyumbani peke yake, akamsalimu chura wa mtungini. Upweke ulikuwa ule ule wa zamani, ila sasa hapakuwa na yule msichana wa daftarini wa kujificha nyuma yake. Mama Mageni alimjibu salamu kwa kifupi. Mageni tu ndiye aliyekuja kama kawaida, akachuchumaa mbele ya beseni kavu.

"Wamelala?"

"Hapana, Mageni. Wamekufa. Dada alikudanganya."

Mtoto alifikiri. "Nani atakuja tena?"

"Sijui."

Ijumaa alasiri kulikuwa na mtu mlangoni. Alikuwa Rebeka, amejikunja chini ya beseni kubwa la bluu, maji yakimwagika kwenye sare yake.

"Eunice ameugua malaria," alisema kwa ukali. "Beseni ni zito na mimi sijui kuchora. Shika upande huu, unangoja nini?"

Limi alishika. Ndani ya maji ya mvua walikuwamo viluwiluwi kumi na mmoja, miguu ya nyuma imekwisha kuota, mifupi kama nyuzi zilizokunjwa. Waliliweka beseni sakafuni, penye kivuli.

"Bado nimekasirika," alisema Rebeka.

"Najua."

"Daftari ni langu. Wewe utachora tu. Na ukichora mguu ambao haupo, nitaona."

Katika majuma yaliyofuata waliandika walichokiona. Miguu ya mbele ilichomoza. Wawili walikufa, nao wakaandika kwamba wawili wamekufa. Mikia ilifupika siku hadi siku, matamvua yakatoweka, mapafu yakashika kazi, na vyura wakaanza kupanda jiwe waliloliweka katikati ya beseni, kila mmoja mdogo kuliko punje ya haragwe. Majibu ya maji yalirudi kutoka maabara: zebaki ilikuwamo. Bwana afya alipigilia kibao chenye maandishi mekundu juu ya miiba, na Mama Mageni, aliyelipita shimo hilo kila siku, jioni moja alimletea Limi sahani ya wali.

Mvua ya Machi iliponyesha, wasichana wawili na mtoto mmoja walilibeba beseni hadi mtaro wa barabara, wakaliinamisha kwenye majani. Vyura tisa walidundadunda, wakapotea. Mageni aliwapungia mkono.

Jumapili Limi alipanda kichuguu na simu.

"Haya, mwanangu," alisema mama kutoka mbali. "Marafiki zako wale wengi hawajambo?"

Limi alitazama chini. Uani Rebeka alikuwa akiosha beseni kwa maji ya kisima, akimgombeza Mageni kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Hawakuwa wengi, mama," alisema. "Hapakuwa na hata mmoja. Nilikudanganya." Alimsikia mama akishusha pumzi. "Lakini sasa yupo mmoja. Jina lake ni Rebeka. Ngoja nikusimulie, hata salio likiisha."